Watoro wa Rabai na Swali la Injili



Katika vikao vya kanisa bado tunabishana kama misheni itangulize kuhubiri au kupigania haki. Mwaka 1974, huko Lausanne, Uswisi, wainjilisti wa mataifa mengi walikubaliana kwamba yote mawili ni wajibu wa Mkristo. Sauti za René Padilla wa Ecuador na Samuel Escobar wa Peru zilisaidia sana. Naliheshimu Agano lile la Lausanne. Lakini karibu miaka mia moja kabla yake, watumwa wa pwani hii ya Kenya walikuwa wamekwisha kulileta swali hilohilo mlangoni mwa misheni, nao hawakuwa na nafasi ya kungoja kamati.

Kumbukeni sheria ya utumwa ilivyokuwa. Mkataba wa 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza ulifunga soko la Zanzibar na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Utumwa wenyewe haukuguswa: Zanzibar ulibaki halali hadi 1897, na kwenye pwani ya Kenya hadi 1907. Kwa hiyo CMS (Church Missionary Society), shirika la misheni la Kianglikana, ilipoanzisha kituo cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iliwapokea watu waliotekwa kutoka majahazini na manowari za Kiingereza. Kuwalisha, kuwafunza useremala, kuwabatiza, yote hayo yaliruhusiwa. Ilikuwa huruma yenye kibali. Siidharau, maana iliokoa maisha ya watu, ingawa hata humo msimamizi mmoja Mzungu aliondoka baada ya kuchunguzwa kwa kuwachapa wakazi viboko.

Huko Rabai, kituo kingine cha CMS bara karibu na Mombasa, mambo yalikuwa mengine. Waliokimbilia huko walikuwa watoro, wametoka mashambani kwa miguu yao wenyewe, na kisheria kila mmoja alikuwa mali ya mtu. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Freretown. Wakubwa wa misheni wakaagiza watoro wasipokelewe. Agizo lilifika Rabai, lakini watoro wakazidi kuongezeka. Wakajenga vibanda, wakalima, wakaketi na wengine kusikiliza mafundisho.

Aliyekuwa na kazi ya Rabai mikononi mwake ni William Jones, Mwafrika aliyeonja utumwa mwenyewe, akakombolewa, akasomeshwa Nasik, India, na mwaka 1885 akawekwa wakfu kuwa shemasi na Askofu Hannington. Kwangu mimi yeye ni mwanateolojia mkubwa wa pwani hii, hata kama hakuna kitivo kinachomfundisha. Angewezaje kumwambia mtu Jumapili kwamba Kristo amemnunua kwa damu, kisha Jumatatu amkabidhi kwa bwana wake? Mahubiri ya namna hiyo yangekuwa yamejikana yenyewe. Kumpokea mtoro kulikuwa ndani ya kuhubiri kwenyewe, na msikilizaji alilijua hilo kabla ya mhubiri kufungua kinywa.

Mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikuta takriban watoro 1,400 katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai. Mabwana wakalipwa fidia. Mwanzoni mwa 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Angalieni hesabu hiyo vizuri: aliyelipwa ni bwana, na aliyelima miaka yote bila ujira alipata karatasi. Kanisa lilishangilia, na lilikuwa na sababu, lakini silioni likiuliza juu ya ujira ule.

Ndiyo maana nina wasiwasi na misheni zetu za leo. Tunachimba visima, tunajenga zahanati, tunagawa unga wakati wa njaa, kisha tunanyamaza skwota wa Kilifi anapobomolewa nyumba, kwa sababu mwenye hati ya shamba ana sheria upande wake. Sioni tofauti kubwa kati ya ukimya huo na lile agizo lililopelekwa Rabai.

Barua za Freretown na Rabai zimo katika makavazi ya CMS huko Birmingham. Naomba chuo hiki kitafute nakala zake, na kila mwanafunzi wa theolojia azisome kabla hajapewa parokia.