Kidonge cha Tezi Hakimezwi na Chai

Leo tunazungumza na wewe uliyeambiwa tezi yako ya shingoni haifanyi kazi vya kutosha, ukapewa dawa ya levothairoksini, na bado uchovu haukuachii.

Kabla hujailaumu dawa, tazama unavyoimeza. Wengi hushushia na chai ya maziwa au kahawa, na huku Meru kahawa haikosekani! Vinywaji hivyo hupunguza dawa inayoingia mwilini. Meza kwa maji, tumbo likiwa tupu, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu viache mbali na dawa hii kwa saa 4. Nawe mama, ukijigundua mjamzito, wahi kliniki: mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.

Dozi ikibadilishwa, kipimo cha damu kiitwacho TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Uliza majibu yako, yaandike kwenye daftari. Ni haki yako, wala si ukorofi. Kama TSH iko sawa na bado umechoka, mwombe daktari akupime upungufu wa damu na kisukari, na umweleze kuhusu usingizi au huzuni.

Jirani atakwambia uongeze chumvi yenye madini joto. Chumvi hiyo husaidia kuzuia goita. Haichukui nafasi ya kidonge. Na usijiongezee dozi mwenyewe: ikizidi, moyo huenda mbio na mifupa hudhoofika.