Chuma Hiki ni cha Nini?

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana karatasi na kalamu ya risasi.

Leo hatutasoma kitabu. Leo tutasoma chuma. Msicheke! Herufi na tarakimu mlizojifunza haziko karatasini tu. Ziko juu ya vyuma pia, na mtu asiyezisoma huweza kupata hasara.

Nitawapa mfano. Tuseme yupo mama mmoja katika mji wa Handeni, mwanafunzi wa darasa kama lenu. Marehemu mumewe alimwachia Land Rover ya zamani, ile iitwayo 109. Mnazijua gari hizi. Zilianza kuuzwa mwaka 1948, nazo zilitengenezwa Solihull, Uingereza. Je, 109 maana yake nini? Ni inchi 109, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Ni kama sentimeta 277. Wengi huitaja namba hiyo kila siku bila kujua maana yake.

Siku moja mama huyo alikuwa akisafisha ghala. Chini ya magunia akakuta chuma kizito, kikubwa kuliko kichwa cha mbuzi. Upande mmoja kina uso bapa wenye matundu ya bolti. Upande wa pili imetokeza shafti fupi yenye meno marefu. Nyumbani hapana aliyekijua.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akapita na mizani yake. Akasema, "Shikamoo mama. Hiki ni takataka tu. Nitakulipa kwa kilo."

Mama akajibu, "Marahaba mwanangu. Ningoje mpaka Jumamosi. Siwezi kuuza kitu nisichokijua."

Basi akaandika barua, akampa kondakta wa basi liendalo Korogwe, safari ya kilomita 65 hivi. Barua ilikuwa ya fundi mmoja wa huko, mpenzi wa Land Rover za zamani. Mama aliandika hivi: "Nina chuma kizito cha gari la zamani. Ni cha nini?"

Fundi hakukijua. Akawauliza wenzake kwa simu, hata wa Arusha, ambako wenye Land Rover wengi walikusanyika mwezi wa Oktoba 2024. Mmoja akasema ni pampu ya maji. Wa pili akasema ni kipande cha winchi. Wa tatu akasema si cha Land Rover kabisa, ni cha trekta. Watu watatu, majibu matatu! Kosa lilikuwa la nani? Si la mafundi. Barua haikuwaeleza kitu.

Fundi akamrudishia mama maneno haya: "Mama, usituambie unavyokidhani. Tuambie chenyewe kinasema nini." Akamfundisha mambo matano. Nanyi yaandikeni.

La kwanza, safisha. Tumia mafuta ya taa na brashi ya waya. Usisugue kwa tupa wala kwa mashine ya kunolea, maana utafuta maandishi pamoja na kutu.

La pili, soma. Paka chaki juu ya maandishi, kisha futa kwa kitambaa. Chaki itabaki ndani ya herufi zilizozama, nawe utaziona. Au weka karatasi juu yake na kusugua kwa kalamu ya risasi. Angalia sana tarakimu zinazofanana: 3 na 8, 1 na 7, 6 na 9, na herufi B na tarakimu 8. Kama huna hakika, andika, "3 au 8." Usikisie. Tarakimu moja ikikosewa, utaletewa spea nyingine, na fedha zako zimekwenda.

La tatu, tenga maandishi ya namna mbili. Herufi zilizovimba zilitoka katika kalibu, pale chuma kilipomiminwa kikiwa moto. Herufi zilizozama ziligongwa baadaye. Namba ya kalibu mara nyingi siyo namba ya spea, kwa sababu kalibu moja huweza kutoa vyuma vinavyotobolewa kwa kazi mbalimbali. Kwa hiyo andika zote mbili, na useme ipi imevimba na ipi imezama.

La nne, pima na hesabu. Meno ni mangapi? Matundu ni mangapi? Unene wa shafti ni kiasi gani? Ukipiga picha kwa simu, weka rula kando ya chuma, maana picha peke yake haina kipimo.

La tano, andika namba ya gari lenyewe, ile iliyo juu ya kibati cha kiwanda. Usiache herufi ya mwisho. Katika Land Rover nyingi za miaka ya 1960, herufi hiyo huonyesha kwamba kiwanda kilibadili jambo fulani. Gari mbili huweza kufanana kwa sura, lakini zikahitaji spea tofauti.

Mama akafanya yote, akaandika barua ya pili. Ndani yake yalikuwamo maneno haya: "Shafti ina meno sita. Unene wake ni milimeta 35."

Safari hii jibu lilikuwa moja. Yule aliyesema ni cha trekta aliruka kwa furaha, kwa kuwa meno sita na milimeta 35 ni kipimo cha shafti ya nyuma ya trekta, ile inayozungusha mashine. Madereva wa trekta huiita kwa herufi tatu, P, T, O. Lakini mzee mmoja akamsahihisha: "Land Rover nazo ziliuzwa na kifaa hicho, ili mkulima aendeshe pampu, msumeno au mashine ya kupura nafaka. Mwambieni mama atazame nyuma ya gari lake, katika chuma kinachokingama chini. Pana tundu kubwa la mviringo katikati."

Mama akaenda, akainama, akatazama. Tundu lilikuwapo! Miaka yote watoto walikuwa wakificha mawe ndani yake. Wakakiinua kile chuma, wakakiweka hapo. Matundu ya bolti yakalingana.

Je, mama amekuwa tajiri? Hapana. Inakosekana shafti ndefu ya kuunganisha kifaa na giaboksi, na mkono wa kukitia kazini. Vitu hivyo vyatafutwa. Tena fundi amemwonya: shafti inayozunguka bila kifuniko hukamata kanga na kanzu, na huweza kuua. Lakini sasa mama anajua alicho nacho. Jumamosi mnunuzi aliporudi na mizani, alikuta chuma kimepakwa mafuta na kufunikwa. Kama mama atakiuza, atakiuza kwa jina lake, si kwa kilo.

Ndugu zangu, mmoja alijua trekta, mmoja alijua Land Rover, na mama alijua kusoma na kupima. Hakuna aliyeweza peke yake. Wajuzi wako wengi, nao hupenda kusaidia, lakini wape maneno ya kweli ya kufanyia kazi.

Kazi ya wiki hii ni hii. Tafuteni chuma chochote chenye maandishi: baiskeli, cherehani, au mashine ya kusaga. Andikeni kila herufi na kila tarakimu kama zilivyo. Kisha mpeni mwenzenu akague bila kuona mlichoandika. Mkitofautiana, rudini wote wawili mkaangalie tena.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.