Mkataba wa Nchi Mbili, na Sisi Watu wa Tatu

(Maneno ya hotuba ya wakili mmoja mbele ya mkutano wa wavuvi, walimu na vijana, Mji wa Lamu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya biashara na uwekezaji baina ya nchi yetu na Uchina, na athari zake katika visiwa hivi. Mada hii huzungumzwa zaidi katika kumbi za hoteli jijini Nairobi, kwa hesabu za mabilioni, na mtu wa Lamu hutajwa, akitajwa, katika ukurasa wa mwisho. Mimi nitaanzia ukurasa huo wa mwisho.

Kwanza tukumbushane kwamba Mchina si mgeni hapa. Vigae vya sahani zake vimo katika magofu ya Pate, Shanga na Manda. Mwaka 2013 wanaakiolojia walitangaza kwamba wamepata kisiwani Manda sarafu ya enzi ya Mfalme Yongle, aliyeitawala Uchina tangu mwaka 1402 hadi 1424. Wakubwa wetu wanaipenda mno habari hiyo ya urafiki wa kale, wala sina ugomvi nayo. Ila nasema hivi: biashara ile ilikuja na upepo na kuondoka na upepo. Sahani ilinunuliwa na mtu aliyetaka sahani, kwa bei aliyoikubali. Hakuna aliyechimba mlango wa bahari wala kufukia ufuo ili sahani ifike.

Kuna biashara nyingine baina ya nchi na nchi ambayo wazee waliomo humu waliifanya kwa mikono yao, nayo ni biashara ya boriti. Kaunti hii ina karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi yakileta tende na mazulia, na yakarejea na kusi yamesheheni miti. Mkataji wa Faza au Kizingitini alijua fito ni ipi, pau ni ipi, mazio ni yapi, boriti, nguzo na banaa. Alihesabu kwa korija, yaani miti ishirini ishirini, na bei ilikatwa hapa hapa ufuoni. Sisemi kwamba ilikuwa biashara ya peponi. Tajiri alimkopesha mkataji na mara nyingi deni likawa refu kuliko msimu, na katika majahazi hayo hayo, zama za nyuma, walipakiwa pia binadamu. Lakini mtu wa Lamu alikuwa mmoja wa pande zinazoafikiana. Aliweza kusema hapana, akaiweka miti yake, akangoja nahodha mwingine.

Mwaka 1982 usafirishaji wa boriti ng'ambo ulipigwa marufuku kwa amri kutoka juu. Huenda amri ilikuwa na hekima yake, kwa kuwa mikoko ilikuwa ikikatwa kupita kiasi. Lakini angalieni mwaka. Ni mwaka huo huo wa 1982 ambapo Bunge liliingiza katika Katiba Kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Sidai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Nasema tu kwamba mkataji wa boriti aliyetaka kuuliza, "Nami nitakula nini?", hakuwa na mahali pa kuuliza. Hapakuwa na chama cha pili, na gazeti la kuchapisha swali lake lingekuwa hatarini. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, lakini njia ya mwananchi kumuuliza mkubwa swali mbele ya hakimu haikufunguka sawasawa mpaka Katiba ya mwaka 2010.

Sasa nifike bandarini. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja hapa Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, vyote vya kuziunganisha nchi hizo tatu. Bandari ilipangwa iwe na magati 32. Kazi ya magati matatu ya kwanza ilipewa kampuni ya Uchina, China Communications Construction Company, kwa gharama ya karibu dola milioni 480 za Marekani. Gati la kwanza lilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021.

Hapa nataka mnisikilize kama mnavyomsikiliza wakili, maana lipo neno linalotumika vibaya. Watu husema "uwekezaji wa Uchina Lamu". Magati yale matatu hayakuwa uwekezaji wa Uchina. Uchina ilikuwa mkandarasi, na aliyelipa ni serikali ya Kenya, yaani mlipa kodi, yaani ninyi. Mwekezaji akipata hasara, hasara ni yake. Mkandarasi hulipwa kazi yake ikikamilika, meli zije zisije. Kwa hiyo anayebeba hatari ya bandari hii ni sisi, na tangu mwanzo hatari hiyo ilitegemea mambo yaliyo mbali sana na Lamu. Sudan Kusini iliingia vitani Desemba 2013. Uganda, ambayo mafuta yake yalitarajiwa kupita huku, iliamua Aprili 2016 kuyapitisha Tanga. Ethiopia iliingia vitani Novemba 2020. Katika miaka ya kwanza magati yalikaa yakingoja meli. Serikali zinaweza kugombana, zikapatana, zikabadili njia ya bomba. Tumbawe lililofukiwa kwa udongo halibadili njia.

Yaliyotokea baharini mnayajua kuliko mimi. Ili meli kubwa ziingie, kina kilichimbwa hadi mita 17.5. Tope linalotimuliwa na mashine hufunika matumbawe na nyasi za bahari, mahali ambapo tafi na changu hula na kuzaliana. Sehemu zilizokuwa za mvuvi mwenye mtumbwi na malema zikawa njia ya meli. Anaambiwa aende nje ya miamba. Haya, aende, lakini nje ya miamba hakuendeki kwa mtumbwi na pondo. Kunataka chombo kikubwa, mashine, mafuta, barafu na watu wanaojua bahari ile. Tena haya yalimkuta mvuvi ambaye, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, alikuwa amepigwa marufuku kuvua usiku kwa sababu za usalama. Mchana bahari imechimbwa na usiku imefungwa.

Mvuvi huyo angemshitaki nani? Sheria ya mikataba tuliyoirithi kwa Waingereza ina kanuni ngumu: asiyekuwa mshirika wa mkataba hawezi kudai kitu chini ya mkataba huo. Serikali imeafikiana na kampuni, na wote wawili wana nakala zao. Mvuvi wa Lamu ni mtu wa tatu. Hata hasara yake ikiwa kubwa kuliko faida ya wale wawili, karatasi ile haimjui. Hiyo ndiyo hali ya mtu wa kawaida katika kila biashara ya nchi na nchi, iwe na Uchina, iwe na Marekani, iwe na ndugu zetu wa Ghuba. Anayeichukia Uchina kwa sababu ya bandari hii amekosea mlango. Kampuni ilifanya kile ilichoajiriwa kufanya. Aliyekuwa na wajibu wa kutuuliza kabla ya kutia saini ni serikali yetu wenyewe.

Ndiyo maana Mohamed Ali Baadi na wenzake hawakwenda mahakamani kwa mlango wa mkataba. Walikwenda kwa mlango wa Katiba, kwa ombi namba 22 la mwaka 2012. Walisema: Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi, cha 35 kinatupa haki ya habari, cha 44 kinalinda utamaduni wetu, na uvuvi wetu ni utamaduni, si kazi tu ya kupata chakula, cha 69 kinaitaka serikali itushirikishe katika kuyatunza mazingira. Wengi waliwacheka. Ilichukua miaka sita. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu kule Malindi iliamua kwamba haki hizo zimevunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Bilioni ni neno kubwa, basi tuligawe. Ni kama shilingi 380,000 kwa kila mvuvi. Mtu aliyevua tangu utoto, na aliyetarajia kumwachia mwanawe bahari ile, ameambiwa hiyo ndiyo thamani yake. Wala hazikulipwa kesho yake. Ilikatwa rufaa, yakafuata mazungumzo nje ya mahakama, na wavuvi wakakubali sehemu iwe pesa taslimu na sehemu iwe vyombo na zana. Siwalaumu waliokubali. Mwenye njaa hawezi kukaa miaka kumi akisubiri kanuni nzuri ya sheria. Lakini hukumu yenyewe ni ushindi wa heshima, na mawakili wa nchi nyingine huisoma, kwa sababu ilitamka kwamba mtu wa tatu si hewa.

Ipo kesi ya pili, nayo kwa maoni yangu ina mafunzo zaidi, maana ilishinda kabla ya madhara badala ya baadaye. Kampuni ya Amu Power, ya Gulf Energy na Centum, ilitaka kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, cha megawati 1,050, kwa dola bilioni 2. Hapa Uchina ilikuwa zaidi ya mkandarasi: mjenzi ni wao, na fedha nyingi zilitarajiwa kutoka benki yao ya ICBC. Makaa yenyewe yangeanza kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Tafakarini: fedha za Uchina, makaa ya Afrika Kusini, umeme uende Nairobi, na Lamu ibaki na moshi na jivu. Na mkataba wa kuuza umeme ulikuwa wa miaka 25, wenye malipo ya kila mwaka ambayo Mkenya angelipa hata pale umeme usipohitajika.

Wananchi wa hapa, chini ya jumuiya ya Save Lamu, walikwenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira. Hoja iliyoshinda haikuwa ya sayansi ya hali ya juu. Ilikuwa hoja ya tarehe. Mikutano ya kuwashirikisha wananchi ilifanyika kabla ripoti ya athari haijakamilika. Yaani watu waliulizwa maoni juu ya kitabu ambacho hakijaandikwa. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza liliifuta leseni. Mwaka 2020 ikaripotiwa kwamba ICBC imejitoa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikaukubali uamuzi wa Baraza.

Nimewasikia baadhi ya vijana wakisema kwamba sisi mawakili na wazee tunafukuza kazi. Ni neno la haki, na lijibiwe kwa heshima. Lamu si makumbusho. UNESCO iliuandika mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001, lakini kijana hali urithi. Mimi sipingi bandari, na gati likileta meli nitafurahi. Ninachopinga ni bandari ambayo kijana wa Mokowe anaionea mbali, akiwa hana cheti cha kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyemsomesha kabla ya gati kujengwa. Kazi za bandarini ni za winchi, za umeme, za hesabu, za urubani wa meli, na hujifunzwa kwa miaka. Fungu hilo lilipaswa kuwamo katika mkataba wenyewe, ukurasa wa kwanza, pamoja na bei ya saruji.

Basi tufanye nini? Nitasema mambo machache ya kazi.

Kila mvuvi na awe na daftari. Andika siku, mahali, zana, kilo, na bei. Katika kesi ya bandari jambo la hasara lilikuwa hesabu, na hesabu hupendelea mwenye karatasi. Waliodai walikuwa wavuvi. Fundi wa mashua, mama anayekaanga samaki, mpakuzi wa pwani, hasara yao ilikuwa ya kweli lakini haikuwa na daftari. Nao pia waandike. BMU zetu ziwe na orodha kamili ya vyombo na watu.

Ardhi nayo iandikwe. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za kampuni 22 zilizokuwa zimejipatia ekari zipatazo 500,000 katika kaunti hii. Nusu milioni ya ekari, na wenyeji wengi hawakujua mpaka waliposikia redioni. Sheria ya Ardhi ya Jamii imekuwapo tangu mwaka 2016. Kijiji kisichojisajili kinamrahisishia kazi anayekuja na ramani.

Na mkisikia fununu ya mradi mwingine, wa nchi yoyote, msingoje sherehe ya uzinduzi. Andikeni barua ya kuomba nakala ya mkataba na ripoti ya athari chini ya Kifungu cha 35. Wekeni tarehe, wekeni nakala, mpelekaji atiwe saini ya kupokelewa. Mkiitwa mkutanoni, swali la kwanza liwe: ripoti iko wapi, na imeandikwa kwa lugha gani? Ikiwa ni kurasa mia nyingi za Kiingereza, ombeni muhtasari wa Kiswahili na muda wa kuusoma, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano kabla ya kuendelea.

Nimeleta mfano wa barua hiyo, umepigwa chapa kwa Kiswahili, pamoja na ukurasa wa daftari la mvuvi uliochorwa mistari tayari. Viko juu ya meza karibu na mlango. Asiyejua kuandika na amchukue mwanafunzi mmoja wa hapa, nimeshazungumza na walimu wao. Sasa nasikiliza maswali, na naomba akina mama waanze.