Viwanja vya Kupungia Upepo katika Mji wa Kesho

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi. Tunaichapa kama alivyoisoma.)



Nimetakiwa niseme juu ya bustani, viwanja na njia za kutembelea za mji wetu wa Unguja. Najua wapo watakaoguna kwamba watu hawana maji mferejini, na huyu atuletea khabari za maua. Nawaomba subira, kwani jambo hili ni la ardhi, na ardhi ikisha kutoka mkononi hairudi.

Karatasi za mipango hazikutupungukia. Mwaka 1923 Mwingereza Lanchester alitoa ripoti yake. Mwaka 1958 ukaja mpango wa Kendall na Mill. Mwaka 1982 Wachina wakatuchorea ramani kuu. Lakini kiwanja hakilindwi na ramani. Hulindwa na watu wanaokitumia.

Tuitazame Mnazi Mmoja. Pale ulipita mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na upande wa pili, ndiyo maana upande ule ukaitwa Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, na wakoloni wakapaacha mahali wazi. Hawakufanya hivyo kwa kutupenda. Walitaka nafasi baina ya nyumba za mawe na nyumba za makuti, wakisema ni kwa ajili ya afya, na wakubwa wao wakapata pa kuchezea golfu. Illa watu wa Ng'ambo walivuka wakacheza mpira, watoto wakaja na nguo zao za Idi, na kilichokusudiwa kuwa mpaka kikawa barza ya mji mzima.

Forodhani nayo ni bustani ya mwaka 1936, iliyotengenezwa kwa jubilei ya Sultani Khalifa. Ilichakaa sana, kisha ikafanywa upya na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa mwaka 2009. Si desturi yetu kusifu katika ukurasa huu, lakini haki isemwe: kazi ile ilikuwa njema, na ukuta wa bahari uliokuwa ukibomoka ulijengwa madhubuti. Nauliza tu, ni ya nani? Mtoto wa Mwanakwerekwe hafiki Forodhani bila ya nauli ya daladala, na akifika hukuta mishkaki kwa bei ya mgeni.

Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya mwaka 2022 ilionyesha 893,169. Kwa miaka kumi tumeongezeka karibu laki tatu, na laki tatu hao hawakuhamia Mji Mkongwe. Wamejenga Fuoni, Tomondo, Mwera, na huko nyumba hutangulia, njia hufuata, na kiwanja hakiji kabisa.

Wenzetu wa Singapore wako katika kisiwa kisichofika nusu ya Unguja kwa ukubwa, na wamepindukia milioni sita. Wao hawakungoja wapate ardhi tupu. Tangu miaka ya 1990 wametumia vipande vya ardhi vilivyo kando ya mifereji mikubwa ya mvua, ambavyo ni lazima viachwe ili mafundi wapite, wakafanya humo njia za miguu na za baskeli zinazounganisha bustani moja na nyingine. Leo njia hizo zinapindukia kilomita 300. Mwaka 2011 waliporudishiwa ardhi ya reli ya zamani, kilomita 24, waliifanya vivyo hivyo.

Sisi tulikuwa na reli ya Bububu, kiasi cha maili saba. Njia yake tumekwisha kuila. Lakini mikondo ya maji bado tunayo, na kila masika inatukumbusha kwamba tumejenga juu yake. Bonde likiachwa wazi, likapandwa miti na kutiwa njia pembeni, wakati wa kiangazi watoto watacheza, na wakati wa masika maji yatapata pa kutua badala ya kuingia vyumbani mwa watu. Kwa fedha ile ile twapata kinga na kiwanja.

Sasa nije kwenye hofu yangu. Kwa sheria ya mwaka 1992 ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mwenye dhamana. Maneno mazuri, lakini anayeweza kugawa kwa ajili ya umma aweza pia kugawa kwa mtu mmoja. Kiwanja nilichochezea mimi utotoni, mtaa sitautaja, leo ni maduka. Tuliamka asubuhi tukakuta mabati yamezunguka. Tulipokwenda kulalamika tuliulizwa: nani alisema kile ni kiwanja? Hatukuwa na hata kipande cha karatasi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa hoja kwamba tawi hili lipite shehia kwa shehia na kuandika kila mahali wazi palipobaki: pana hatua ngapi, panatumika kwa nini, tangu lini, na wazee gani wapo tayari kushuhudia. Mabonde ya maji yaandikwe kadhalika. Orodha ikitimia, ipelekwe kwa wapangaji wa mji na nakala ibaki kwetu. Akina mama wapite pia, kwa sababu wao ndio wajuao watoto wanacheza wapi. Daftari nimekwisha kulinunua na liko kwa Katibu. Jumapili baada ya sala ya alasiri, wenye nafasi tukutane hapa tuanze na shehia hii.