Pumu na Sukari ya Damu kwa Watu Wazima

Kwa mtu mzima, pumu na sukari ya damu hukutana kupitia mwili wenyewe na kupitia dawa.

Ndani ya mwili, kiunganishi kikubwa ni mafuta ya tumbo. Yakizidi, humwaga katika damu kemikali za kuchochea uvimbe. Kemikali hizo huufanya mwili usiitikie insulini vizuri, sukari ikapanda. Huzidisha pia uvimbe wa njia za hewa. Tafiti zimeonyesha kwamba wenye pumu ambao sukari yao iko juu hubanwa mara nyingi zaidi, ingawa hilo halithibitishi kuwa sukari ndiyo inayoleta pumu.

Athari ya dawa iko wazi zaidi. Anayebanwa vikali hupewa vidonge vya steroidi viitwavyo prednisoloni, mara nyingi kwa siku 5 hadi 7. Prednisoloni hutuliza uvimbe, lakini pia hulifanya ini litoe sukari zaidi na kuidhoofisha insulini. Ikimezwa asubuhi, sukari hupanda hasa mchana na jioni, kisha hushuka usiku. Ndiyo sababu kipimo cha kabla ya kifungua kinywa kinaweza kuonyesha hali njema ilhali jioni sukari imefika 11.1 mmol/L au zaidi, kiwango cha kisukari. Salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, nayo ikitolewa kwa wingi kwa mashine ya mvuke, hulichochea ini kuachia sukari iliyohifadhiwa.

Hata hivyo, prednisoloni haiachwi kwa kuogopa sukari. Shambulio kali la pumu linaweza kuua ndani ya saa chache, wakati sukari inaweza kudhibitiwa. Mwenye kisukari humweleza mhudumu hali yake mapema, hupima sukari mchana na jioni, na dawa zake hurekebishwa na daktari.

Kinga bora ni kuzuia shambulio lenyewe. Pampu yenye steroidi hupeleka dawa moja kwa moja mapafuni kwa vipimo vya mikrogramu, hivyo katika dozi za kawaida huigusa sukari kidogo sana kuliko vidonge vinavyopimwa kwa miligramu. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi mtu mzima kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Anayetumia pampu ya steroidi kama alivyoelekezwa hupunguza haja ya prednisoloni, na mwenye uzito mkubwa akiupunguza, pumu na sukari zote hudhibitika kwa urahisi zaidi.