Daktari wa Karema na Nyumba Yake

Siku hizi hapa Mpanda ukitaja Karema, watu wanafikiria bandari: malori yanateremka ziwani, wafanyabiashara wanaulizana bei ya kuvusha mzigo kwenda Kongo. Ni jambo la heri, na mkoa wetu ulilisubiri muda mrefu. Lakini pale Karema aliishi mtu ambaye watoto wetu wa Katavi wanapaswa kumjua kwa jina, naye ni Dokta Adrian Atiman.

Alizaliwa mwaka 1866 hivi katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa bado mtoto aliibwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa utumwani. Hakuwaona tena baba na mama. Huko Algeria wamisionari wa Kardinali Lavigerie walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, na mwaka 1881 wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea udaktari.

Lavigerie alikuwa na hesabu zake. Wamisionari wa Kizungu walikuwa wanakufa mapema kwa homa za huku, tena wengi wao hawakujua tiba. Akaona ni bora Mwafrika mwenye elimu ya udaktari, anayefundisha dini na kutibu, aoe na kuishi kama wanakijiji wenzake. Ndiyo maana ya cheo cha Atiman: daktari na katekista, mambo mawili kwa mtu mmoja.

Mwaka 1889 Atiman akaingia Karema. Msafara kutoka pwani hadi ziwa Tanganyika siku hizo ulikuwa wa miguu, kupitia Tabora, katikati ya nchi ambayo biashara ya watumwa ilikuwa bado inaitafuna. Hebu fikiria, msikilizaji: kijana aliyeuzwa utotoni anapishana njiani na watu waliofungwa minyororo shingoni, wakipelekwa sokoni kama alivyopelekwa yeye. Boma la Karema lilijengwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1879, na mwaka 1885 likakabidhiwa kwa wamisionari. Watu wengi waliokimbilia kwenye misheni ile walikuwa wamepoteza ndugu zao kama yeye. Mganga wao alijua kwa mwili wake mwenyewe kilichowapata.

Wazee husema mkataa kwao mtumwa. Atiman kwao hakukukataa, alinyang'anywa. Kwa hiyo ilimbidi kutengeneza kwao kupya, na hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo.

Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa Kibemba. Habari za Atiman zimeandikwa, hata yeye mwenyewe alisimulia maisha yake na yakachapishwa. Habari za Agnes ni mstari mmoja, pengine miwili. Hili linanisumbua. Kila anayeishi na tabibu anajua kwamba nyumba ile haina usiku wala sikukuu. Mtu anabisha hodi saa nane za usiku na mtoto anayetetemeka kwa homa, mwingine analetwa kwa machela kutoka vijiji vya mbali, na ndugu waliombeba nao wanataka maji, moto na mahali pa kulala. Mzigo huo hauwezi kubebwa na mume peke yake. Ninaamini kabisa kwamba tunapomshukuru daktari, nusu ya shukrani ni ya Mama Agnes.

Mtoto wao Yosefu akapewa upadri mwaka 1923. Kwa mila zetu, kumtoa mtoto wa kiume awe padri ni kukubali kwamba kwake hutapata mjukuu. Kwa Atiman uzito ulikuwa mara mbili, maana hakuwa na ukoo wowote nchi hii, hana kaka wala binamu wa kumrithisha jina. Hata hivyo alimtoa.

Mwenyewe akaendelea kutibu. Alizijua dawa za Ulaya na hakudharau dawa za miti za wenyeji. Aliwaona Wajerumani wakija na wakiondoka, akawaona Waingereza, na alifariki mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru, baada ya miaka 67 Karema. Hakurudi kwao kando ya mto Niger.

Jina lake halijapotea. Dar es Salaam, karibu na bandari, lipo jengo la kale linaloitwa Atiman House. Sumbawanga ipo Hospitali ya Dokta Atiman, na ndugu zetu wa Rukwa wanaitaja kila siku. Lakini Karema tangu mwaka 2012 iko mkoa wetu wa Katavi, na sisi ndio tuliobaki na ardhi aliyoikanyaga.

Basi ombi langu ni hili. Walimu wa wilaya ya Tanganyika, mwingizeni Atiman katika somo la historia, na Mama Agnes pamoja naye. Na ninyi vijana wa Karema, wapo wazee waliosimuliwa habari za nyumba ile na wazazi wao. Simu mliyonayo mkononi inarekodi sauti. Jumapili hii mkitoka kanisani, kaeni nao, waulizeni habari za mama yule, mzihifadhi.