Msumeno Bila Meza ni Nusu ya Chombo

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli katika mkutano wa wanachama, Kakamega)



Nimeombwa niseme juu ya kupasua mbao kwa mkono. Kazi hii nilifundishwa na baba yangu mdogo, aliyekuwa fundi hapa hapa Kakamega.

Baba mdogo alikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya juu, ya kupigia randa. Ya pili ilikuwa fupi: ubao mnene wa mvule wenye miguu minne iliyotanuka, na kimo chake kilifika chini kidogo ya goti. Mimi nilidhani ni ya kukalia, kumbe ndiyo ya kupasulia.

Sababu ya ufupi wake ni hii. Unalaza ubao, unaukandamiza kwa goti, na uzito wa mwili wako ndio unaoushika. Mstari wa kupasua uwe nje kidogo ya ukingo, ili msumeno usile meza. Anza kwa kuvuta msumeno nyuma mara mbili tatu mpaka upate njia. Kisha bega, kiwiko na msumeno viwe katika mstari mmoja, msumeno ukiinama kiasi cha digrii 60. Usiulazimishe, meno ndiyo yanayokula mti. Njia ikianza kujifunga, tia kabari ndogo nyuma ya msumeno.

Ukikata ubao kwa kukingama, digrii 45 zatosha. Msaidizi wako ashike ncha tu, asiiinue. Akiiinua, njia hujifunga na msumeno hubanwa.

Sasa, ndugu zangu, kwa nini nawaeleza haya? Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipofanya kazi, mimi na mwenzangu tulipewa msumeno mpya tupasue mbao za sakafu ya behewa. Meza haikuwapo. Tukaweka ubao juu ya pipa la mafuta, nami nikalizuia kwa mguu. Pipa likaviringika, msumeno ukaruka, na mwenzangu akapoteza ncha ya kidole gumba. Mkubwa wetu akasema, "Ni uzembe wake." Nami nilinyamaza, ingawa nilijua tangu utoto ni meza gani iliyotakiwa pale. Ukimya ule unanisumbua mpaka leo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke vyombo na utaratibu wa kazi usiomdhuru mfanyakazi. Inatutaka na sisi tujihadhari. Basi mwenye kutoa msumeno bila meza ametoa nusu ya chombo, na mwenye kukubali pipa amejiweka hatarini mwenyewe.

Meza yenyewe si mali kubwa: ubao mnene mmoja na miguu minne. Naomba kamati iandike katika madai yetu kwamba penye msumeno pawe na meza. Na mkiona mwenzenu analaza ubao juu ya pipa, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.